Siku Mzee Tokuji Alipoikataa Achari

Sogeeni, enyi wa bonde la juu na enyi wa bonde la chini, enyi wenye meno yenu na enyi wenye meno ya kutengenezwa! Zimeni redio, epueni samaki asiungue, kalieni visigino kama magoti yanaruhusu, na yasiporuhusu nyosheni miguu, kwani habari hii ni ndefu na mwenye ganzi hasikilizi vizuri. Sisimulii wafalme wala ngome zilizochomwa. Nasimulia jinsi mtu mmoja wa miaka themanini na mitatu alivyotoka kwake asubuhi kwenda kupimwa presha katika ukumbi wa kitongoji chetu cha Kamiori, na mambo yaliyomkuta njiani, na neno alilolitamka, ambalo kabla yake halijapata kutamkwa na mtu mzima katika bonde hili.

Nawe, ewe jiwe la kukandamizia achari, uliyekaa juu ya pipa la mama mkwe wangu na juu ya pipa la mama mkwe wake, mzito, mkimya, usiye na huruma kwa figili wala kwa majani ya haradali, nipe uzito wako niuweke katika maneno yangu, watu wasije wakasema Bi Sayo anapiga porojo.

Shujaa wetu ni Tokuji wa ukoo wa Minowa, Tokuji wa Magoti ya Radi, ambaye akiinuka mkekani mbwa wa jirani hubweka. Ndiye aliyeyafukuza manyani katika mashamba ya mahindi kwa kupiga sufuria, ndiye aliyeiendesha lori yake ndogo nyeupe katika theluji ya kiunoni, na ndiye aliyemwoa Fusae, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa mkali na figili yake laini. Fusae alipofariki, wanawake wa Kamiori hatukufanya mkutano wala hatukupiga kura, lakini kila mmoja wetu nyumbani kwake alisema neno lile lile: mgane hajui kupika, asije akala wali mkavu. Basi tukaanza kumtundikia achari mlangoni. Asubuhi mfuko, jioni mfuko. Tulimpenda kwa chumvi, maana ndiyo tuliyokuwa nayo.

Presha ikapanda. Ikapanda kama inavyopanda kwa kila mtu hapa kwetu, polepole na bila kelele, mpaka siku ile binti yake, Chikako, anayekaa mjini Nagoya, aliposikia habari kwa daktari, akampigia simu. Nami nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimepeleka achari.

"Baba, mimi sibishani tena," alisema Chikako, na sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka jikoni. "Kipimo cha mwezi huu kikizidi mia na arobaini, nakuja na gari nakuchukua. Chumba kiko tayari, kimepakwa rangi na kila kitu."

"Dirisha linatazama wapi?"

"Linatazama maegesho."

"Maegesho ya nini?"

"Ya magari, baba! Maegesho ya nini tena?"

Mzee akaweka simu chini taratibu. Nanyi mnajua, au kama hamjui basi jueni, kwamba kila asubuhi Tokuji hupanda njia ya mierezi mpaka kaburi la Fusae, akalimwagia maji jiwe lake, akampa habari za kitongoji: nani kagombana na nani, nani kavunjika nyonga, kabichi ya nani imeliwa na nguruwe mwitu. Akanitazama, akasema, "Bi Sayo, nikienda Nagoya, nani atamwambia Fusae theluji ikianguka?" Nikamwachia achari nikaondoka, na moyo uliniuma njia nzima.

Sasa nitaje majeshi. Wilaya yetu ina mpango mkubwa wa afya kwa wazee, wenye mabango, vipeperushi na wimbo, nao unaitwa Umri Mrefu, Chumvi Fupi. Askari wake katika kila kitongoji ni wanawake wenye aproni za kijani, wanaoitwa Wajumbe wa Afya. Mwaka ule nilikuwa mmoja wao, na aproni ilinikaa vizuri kuliko wengine. Amiri wetu alikuwa Bi Umeko wa Sauti ya Kipaza, ambaye akisema "tulia" bondeni, maji ya mfereji husitasita. Kila msimu tuliwaambia watu walete chupa ya supu ya nyumbani ya miso, lile rojo letu la soya, ipimwe chumvi, na kila msimu supu ya Kamiori ilitoka ya kwanza wilayani kwa kukosa chumvi, mpaka tukapewa cheti chenye fremu, kwa sababu kila nyumba iliongeza maji kwenye chupa kabla ya kuileta. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Kila mmoja alidhani hila hiyo kaigundua peke yake.

Basi siku ya kupimwa ikafika. Milima ilikuwa imegeuka rangi, figili zimetundikwa barazani, na mapipa mapya ya achari ndiyo kwanza yamefunguliwa, kipindi kibaya kuliko vyote kwa mtu anayekimbia chumvi. Tokuji akajifunga taulo shingoni, akavaa koti lenye mifuko minne, akashika bakora, akasimama mbele ya picha ya Fusae akasema, "Leo sionji hata kipande. Shahidi wewe." Kisha akatoka, na mbwa akabweka.

Lakini hapa lazima mwenye kusikiliza aijue sheria ya nchi, ili asije akamdharau shujaa. Kwetu mtu hakatai. "Hapana" ya kwanza ni adabu, ya pili ni salamu, na ya tatu ni ombi la kuongezewa. Mgeni akisema "nimeshiba", mwenyeji husikia "kisahani hiki ni kidogo". Tangu babu zetu ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyewahi kufa kwa njaa katika nyumba ya jirani, ingawa kwa mengine wamekufa.

Vita vya kwanza vilikuwa katika lango la Bi Kinuyo, Mkono Usiorudishwa, binamu yake Fusae. Alikuwa amekaa barazani na birika tayari, kisahani tayari, na vijiti vya kulia vya mgeni vimelazwa pale kana kwamba mgeni aliahidi kuja.

"Shemeji! Unapita tu kama mtu wa posta? Njoo unywe chai."

"Nawahi ukumbini, shemeji. Kupimwa."

"Ukumbi una miguu? Utaukuta. Haya ni majani ya haradali, nimefungua pipa jana. Onja."

"Asante, lakini nimekula sasa hivi."

"Umekula nini? Mwanamume peke yake anakula nini? Onja, bwana."

"Kweli kabisa, shemeji, nimeshiba."

"Haya, basi nakuongezea na figili."

Hapo ndipo Tokuji alipozitumia mbinu za kale. Alijua kwamba kisichomalizwa kwa jirani hufungwa kwenye karatasi kikapelekwa nyumbani, na hilo si kosa, ni heshima. Akasema atafungasha. Bi Kinuyo akafunga karatasi, akafunga nyingine, akamtia zote kwenye mfuko wa kushoto wa koti, na kabla hajaukunja mkono akachomoa kipande kimoja kwa vijiti akakipeleka moja kwa moja mdomoni mwa shemeji yake, kama amlishavyo mtoto. "Hiki cha kuonja tu." Nini angefanya? Kutema mbele ya mwenyeji ni jambo ambalo hata nyani hafanyi. Akakiweka shavuni, akainama, akaondoka na kipande kikichuruzika chumvi ndani ya shavu lake, wala hakukimeza. Mwenye kudhani hilo ni jambo dogo na ajaribu.

Vita vya pili vilikuwa kwangu, nami navisimulia bila upendeleo. Nilikuwa langoni na achari yangu ya tanipu, iliyotiwa ganda la limau, ambayo watu wa bonde la chini wamekuja kuiulizia, na sijasema hivi kujisifu. Nikamwita, "Mzee Tokuji, habari za asubuhi! Tanipu hii usiikatae, haina chumvi nyingi." Hakuweza kufumbua mdomo. Akainama tu. Sasa, mtu akiinama kwetu amesema asante. Nikamwekea karatasi ya kwanza. Akainama zaidi, huku akitikisa mkono mbele ya uso, nami nikaona huyu leo ana njaa kweli, nikaweka ya pili. Kadiri alivyoinama ndivyo nilivyomjaza, na alipofika chini kabisa magoti yakanguruma na mfuko wa kulia ukawa umefura. Akakimbia. Mzee wa miaka themanini na mitatu alikimbia, na mimi nikasimama pale nikimsifu kwa afya yake.

Alipofika nyuma ya ghala la mpunga alikitema kipande cha Kinuyo katika karatasi, akakifunga kwa heshima, akakitia mfuko wa tatu. Hayo alituambia baadaye. Sisi wajumbe tulipita njia ya mkato tukamtangulia ukumbini, kwa sababu chai haijiandai.

Ukumbini wazee walikuwa wamekwisha kaa kuzunguka meza fupi, watu waliokula chumvi nyingi, na hapa sisemi kwa mafumbo. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa likitoa joto. Ukutani lilikuwepo bango kubwa alilolichora Bi Umeko kwa mkono wake: figo inalia, na chini yake maneno HURUMIA FIGO ZAKO. Muuguzi wa wilaya, binti mmoja mpole jina lake Mizuki, alikuwa na mashine yake ya presha mezani. Alikuwa ametumwa kwetu tangu masika, na alikuwa amenenepa.

"Karibu, babu Tokuji. Leta mkono. Umekuja mbio?"

"Nimefukuzwa."

"Na nani?"

"Na watu wema."

Mashine ikamkaba mkono, ikavuma, ikatulia. Mizuki akatazama namba, akatazama tena, akaishusha sauti. "Mia na hamsini na tisa, babu. Lakini umekuja mbio, na moyo unaona. Kaa kitako, tulia, nitapima tena kwa mara ya mwisho. Hicho cha pili ndicho nitakachokipeleka kwa daktari."

Nami jikoni, nikichungulia penye pazia, nikaona uso wa Tokuji umegeuka rangi ya majivu. Akasema kwa sauti ndogo, "Nikitulia kweli kitashuka?"

"Ukitulia kweli, kinaweza. Usile kitu, pumua tu."

Usile kitu! Maneno hayo yalikuwa hayajafika sakafuni wakati pazia la jikoni lilipofunguka, na Bi Umeko akaingia mbele ya jeshi lake la kijani, nami nikiwa wa tatu mstarini, tukiwa tumebeba chai kwa ajili ya mapumziko ya wanaopimwa. Sasa mtu wa mbali atauliza: je, Wajumbe wa Afya, wenye bango la figo, walileta achari? Na mimi namjibu: ulitaka tulete chai tupu? Chai tupu ni ya msibani, na hata msibani kuna achari. Kila mjumbe alileta kisahani chake, na kila mjumbe alijua kwamba yake ndiyo isiyo na chumvi, zenye chumvi ni zile za wenzake tu. Meza ikajaa: figili za njano, majani ya haradali, matango, plamu nyekundu za chumvi, tanipu yangu yenye ganda la limau. Visahani vikasogea kumwelekea Tokuji kwa sababu yeye ni mgane, na mgane hutangulizwa.

"Kula, Mzee Tokuji," alisema Umeko, na kipaza hakikuhitajika. "Umekonda. Kula upate nguvu, presha ishuke."

"Asante, Bi Umeko, ila leo..."

"Leo nini? Figili hii nimeilaza siku nyingi nikikufikiria wewe."

"Sina nafasi tumboni."

"Tumbo la mwanamume halijawahi kukosa nafasi. Muuguzi, na wewe, mbona hushiki vijiti?"

"Oo, asante, mimi imetosha," alisema Mizuki, akaongezewa.

Umeko akainua kipande kikubwa cha figili, cha njano, kinachong'aa, kikidondoka, akakishika hewani mbele ya mdomo wa Tokuji. Mbinu zote za kale zilikuwa zimekwisha: mifuko imejaa, shavu limeshachoka, kuinama kunaleta zaidi, na kusema ameshiba ni kujichimbia. Nikamwona anaitazama figili, kisha anautazama mlango, na mlango wetu unatazama njia ya mierezi.

Ndipo Tokuji wa Magoti ya Radi aliposimama. Magoti yakalia mara mbili, na nje, mbali, mbwa akajibu.

"Mabibi wa Kamiori," akasema. "Tangu Fusae aondoke hamjaniacha nile peke yangu hata siku moja. Nikifungua mlango, mfuko. Nikifunga mlango, mfuko. Nimekula vyote, maana nilijua vimetoka wapi. Nyinyi mmeniweka hai, na mkiendelea hivi mtanipeleka Nagoya, nikatazame maegesho mpaka nife. Bi Umeko, nakuheshimu." Akavuta pumzi. "Sitaki."

Jamani! Neno lilitoka jinsi lilivyo, bila "ila", bila "kidogo", bila kuinama. Kipande cha figili kilidondoka kutoka kwenye vijiti vya Umeko kikaangukia katika chai ya muuguzi. Mimi binafsi nilishika ukingo wa meza. Mzee Heiji, jirani yangu ambaye hasikii vizuri, akauliza kwa nguvu:

"Kasema nini?"

"Kasema hataki," nikamwambia sikioni.

"Hataki kupimwa?"

"Hataki achari!"

"Aa." Mzee Heiji akafikiri. "Kumbe inaruhusiwa? Hata mimi sitaki. Sijataka tangu nilipostaafu reli." Na akakisukuma kisahani chake katikati ya meza kwa kidole kimoja. Baada yake mwingine akasukuma, na mwingine, na kisahani cha tanipu nacho kilisukumwa, jambo ambalo nililiona na nimelihifadhi.

Umeko alikuwa bado amesimama na vijiti vitupu. "Kwa hiyo," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa ya mtu wa kawaida, "miaka yote hii mlikuwa mnakula figili yangu kwa adabu tu?"

"Wengine siwajui," alisema Tokuji. "Mimi nilikuwa naila kwa sababu ni tamu. Hiyo ndiyo shida yake. Ingekuwa mbaya nisingefika mia na hamsini na tisa."

Umeko akamtazama sana. Kisha akavua aproni yake ya kijani, akaikunja, akaifunika juu ya visahani vyote kama tufunikavyo uso wa marehemu, akakaa. "Mpimeni mtu," akasema. "Na nyinyi nyamazeni, anapumua."

Nawaambia, watu zaidi ya ishirini tulikaa tukimsikiliza mzee mmoja akipumua, ndani, nje, ndani, nje, mpaka wengine tukajikuta tunapumua pamoja naye. Mizuki akamfunga mkono. Mashine ikavuma, ikashika, ikalegea polepole kama inayofikiria, ikalia.

"Mia na thelathini na nane," alisema Mizuki, na akaanza kulia, kwa sababu bado ni msichana.

Kelele iliyoinuka iliwatoa njiwa darini. Mzee Heiji alipiga meza akiuliza ni mia ngapi, akaambiwa, akapiga tena. Simu ikapigwa Nagoya hapo hapo, ikawekwa katikati ya meza ili wote tusikie.

"Baba, usinidanganye," ilisema sauti ya Chikako.

"Muulize muuguzi."

"Ni kweli, dada," alisema Mizuki. "Na hakula achari. Nimeshuhudia. Kakataa."

"Kakataa? Baba yangu? Kakataa mbele ya Bi Umeko?"

"Mbele yangu mimi," alinguruma Umeko, kipaza kikiwa kimerudi mahali pake, "na ukija na gari hapa tutalitoa upepo!"

Chikako akacheka, kisha sauti yake ikalegea. "Haya, baba. Chumba nitaweka cherehani. Lakini masika unapimwa tena, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Tokuji, akakaa chini taratibu, na nilipomtazama usoni nikaona furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba.

Siku hiyo imeingia katika historia ya Kamiori, baada ya mafuriko makubwa na kabla ya barabara ya lami. Watu wakitaja umri wa mjukuu husema alizaliwa kabla ya Kukataa au baada ya Kukataa. Supu tunazopeleka kupimwa siku hizi hatuzitii maji, na tumekuwa wa mwisho wilayani, na cheti wamekichukua. Bi Umeko ametundika aproni yake pale kilipokuwa.

Lakini limebaki jambo moja. Kesho yake asubuhi nilikuwa nikipalilia makaburi ya ukoo wangu chini ya mierezi, nikayasikia magoti kabla ya kumwona mtu. Tokuji alikuja na ndoo ya maji na lile koti lake lenye mifuko minne. Akalimwagia jiwe maji. Akampa habari zote, na alipofika kwenye "sitaki" aliisema kwa sauti mara mbili, maana alijua hataaminiwa mara ya kwanza. Kisha akatoa karatasi moja baada ya nyingine, za kushoto na za kulia, majani ya Kinuyo, tanipu yangu, na kile kipande kilichokaa shavuni nacho kikiwa pembeni katika karatasi yake, akazipanga zote mbele ya jiwe na vijiti juu yake.

"Haya, Fusae, kula," akamwambia. "Wewe presha haikuhusu tena."